Barua kwa Hamza: pima kwanza

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Hamza,

Assalaam alaykum. Huku wazima, alhamdulillah. Bibi yako mguu umepungua kuvimba na leo ametoka barazani mwenyewe. Mzigo nimempa kondakta wa basi la asubuhi: bizari, iliki, kanzu yako nyeupe na sweta mbili. Usiseme sweta ni nzito. Huko Hamburg utanikumbuka.

Sasa nije kwenye lililoninyima usingizi. Umeniandikia kwamba umempata mtu Kariakoo mwenye sarafu ya rupia mbili ya 1894, kwamba ndiyo peke yake inayokosekana kwenye zile fedha zako za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na kwamba unataka kumlipa kabla ya kupanda ndege. Kwa pesa ipi, baba? Wewe huna pesa nyingine zaidi ya ile ya kukulinda mpaka wakupe mshahara wa kwanza wa uuguzi. Baba yako hajui habari hii na mimi sijamwambia.

Picha nimeiangalia. Nilimwambia Mwanaidi aikuze kwenye simu yake tukaitazama wote wawili. Simba amelika, manyoya ya shingo hayaonekani kabisa, na tai aliye juu ya kofia ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani, amebaki umbo tu. Lakini vimistari vya ukingoni vimesimama vikali, havijaguswa. Imekuwaje sarafu ichakae uso na ukingo ubaki mpya? Fedha iliyopita mikononi mwa watu hulika na ukingoni pia, kwa sababu ndiko vidole vinakoshika na ndiko inakogonga wenzake mfukoni. Halafu tazama hiyo 4. Imekaa chini kidogo kuliko 9. Mtu aliye na ya 1893 na patasi ndogo anajua la kufanya.

Kwa hiyo pima kwanza. Usimlipe hata shilingi kabla hujapima. Wewe ni mjukuu wa sonara, tola, kile kipimo cha uzito cha masonara, huna haja ya kuelezwa. Rupia moja ni tola moja kamili, gramu 11.66, kwa sababu Wajerumani waliifuata rupia ya Kihindi iliyokuwa ikitembea pwani hii kabla yao. Rupia mbili basi ni gramu 23.32. Iliyotumika itapungua kidogo, sawa, lakini ikija na gramu 20 au 26 mrudishie mwenyewe, muage kwa heri, uondoke. Ingia kwa sonara yeyote pale mjini, umlipe chochote akupimie. Mwenye mali halali hakatai mizani. Akianza kukuambia kuna Mhindi anaisubiri, kuna mzungu hotelini ameshaweka dau, hapo hapo ujue.

Na ukiwa naye muulize ana nyingine za miaka gani. Akikutolea rupia ya 1895 au 1896, usiulize zaidi. Kampuni ilitoa rupia moja kuanzia 1890 mpaka 1894, ikasimama, ikaanza tena 1897 mpaka 1902. Hizo za rupia mbili zilitoka 1893 na 1894 basi. Haya wewe ndiye uliyenifundisha, ukiwa kidato cha pili, ukanichorea jedwali nyuma ya daftari la fizikia. Mimi nilizijua kwa uzito tu, wewe ukaniambia kwamba 1893 ni mwaka ule ule walioanza kutandika reli ya Usambara hapa Tanga. Nilijisikia nina mtoto. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu aliyechora jedwali lile anataka kutoa pesa ya chakula kwa picha ya simu.

Najua unaloniambia moyoni: mama, hii haipatikani. Kweli haipatikani. Na sababu unaijua vizuri, maana imekaa mkononi kwangu hii bangili. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Mwingereza alipoleta florini halafu shilingi, rupia ya Mjerumani haikununua kitu tena dukani, ikabaki fedha ya kuyeyusha. Hizi kubwa ndizo zilizotangulia kuingia kalibuni, kwa sababu moja ilitosha kazi ya mbili. Watu walizileta zimefungwa kwenye kipande cha kaniki, zile zile walizokuwa wakitafutiwa kwa viboko walipe rupia tatu za kodi ya nyumba, na sasa hakuna aliyezitaka ila sonara. Mtoto wa sonara akitumwa kupuliza moto anapuliza, haulizi mwaka ulioandikwa. Basi usidhani sijui thamani ya unachokitafuta.

Lakini pengo moja kwenye boksi halijamuua mtu. Kukaa ugenini wiki tatu huna nauli ya treni, hilo lina madhara. Na unakwenda mji gani? Zile zako zenye herufi J chini, kuanzia 1905, zilipigwa huko huko Hamburg, na zenye A zilipigwa Berlin. Wauzaji wa sarafu wenye maduka, wenye mizani mezani na risiti, wako kule. Fanya kazi, upate mshahara, uweke kidogo kidogo, uende dukani kwa miguu yako uishike, uipime, upewe karatasi. Ikiwa ghali kuliko Kariakoo, ni kwa sababu ni yenyewe. Hapo mimi nitakuwa wa kwanza kukupongeza. Hata ya 1909 yenye A, uliyoisubiri mpaka nikadhani umekata tamaa, si ilikuja Lushoto kwa bei ya haki kutoka kwa mzee aliyekuwa anajua anachouza? Ulingoja ukapata. Umeshindwa nini kungoja hii?

Jambo jingine, na usinune. Ile robo rupia ya 1891 uliisugua kwa dawa ya meno. Nimeiona kwenye boksi, imekuwa nyeupe, uso umejaa mikwaruzo. Najua tabia hiyo umeitoa wapi. Dukani kwa babu yako kila kitu kilisuguliwa kwa ukwaju na jivu mpaka king'ae, ndivyo mteja alivyotaka, na wewe ulikuwa unakaa mapajani kwangu unatazama. Sarafu ya kale iache na weusi wake. Usizisugue zilizobaki, hata ukiona zimefanya kutu ya kijani. Muulize huyo muuzaji wa Hamburg.

Boksi lenyewe usiondoke nalo. Sitaki usimamishwe uwanja wa ndege unaulizwa vitu vya kale umevipata wapi na kibali chake kiko wapi, ukakosa ndege kwa ajili ya sarafu. Kama unataka kuwa nazo huko, nenda kwanza kwa watu wa mambo ya kale uulize, upewe jibu la maandishi. Kama muda hautoshi, mpe mjomba wako alete Tanga. Nitaziweka kwenye sanduku langu la chini, na hakuna atakayezigusa, wala mimi.

Bati la jikoni limeshaezuliwa lote. Fundi anasema mbao mbili zimeoza, kwa hiyo tunapikia uani na mvua ikija tunakimbia na sufuria. Mwanaidi amefaulu Kiswahili na hesabu, Kiingereza kimemsumbua, mpigie umtie moyo maana maneno yangu anasema ni ya mama tu. Kuku wa bibi wameanza kutaga. Baba yako anajifanya hana habari na safari yako, lakini jana nimemkuta anapiga pasi suruali atakayovaa kuja Dar kukuaga.

Nijibu leo kama umempa huyo mtu chochote, hata kishika uchumba. Ukweli tu, sitagomba. Kama hujampa, mwambie mama amekataa, unisingizie mimi, nimekubali.

Na ufunguo wa stoo umeondoka nao kwenye begi lako la mgongoni. Mpe kondakta huyo huyo akirudi kesho, mchele wote umo humo.

Mama yako