Kwa Nini Dripu ya Mbwa Wako Haiwezi Kulipiwa kwa Bei ya Chupa ya Dukani

Mwezi uliopita mteja mmoja aliondoka hapa kliniki akiwa na hasira, na hatumlaumu kwa uchungu wake, kwa kuwa mbwa wake wa miezi mitatu alikuwa amefia mikononi mwetu usiku wa pili wa matibabu. Hata hivyo neno alilotuachia mlangoni, kwamba tumemtoza fedha nyingi kwa maji ya chumvi yanayouzwa duka la dawa kwa bei ya soda chache, tumelisikia mara nyingi mno mwaka huu, hivyo tumeona ni haki kwa wateja wetu wa Goba, Mbezi na Tegeta tulijibu kwa maandishi.

Mbwa yule alikuwa na parvo. Kirusi hiki, kilichotambuliwa kwa mbwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuenea duniani kwa muda mfupi, hushambulia sehemu za mwili ambazo seli zake huzaliana upesi, hasa utando wa ndani wa utumbo mwembamba na uboho wa mifupa. Utando huo unapobanduka, maji na damu hutoka kwa kuharisha, na bakteria waliokuwa wakiishi utumboni hupenya hadi kwenye damu wakati uleule ambao chembe nyeupe za kuwapiga zimepungua. Sindano zetu haziui kirusi chenyewe. Tunachofanya ni kumshikilia mbwa asife hadi mwili wake utengeneze kinga, na kazi hiyo kwa kawaida huchukua siku tatu hadi saba.

Sasa tuzungumzie maji ya chumvi. Mtoto wa mbwa mwenye kilo 6 aliyepoteza maji kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake anahitaji kurudishiwa takriban mililita 480, na juu ya hizo anahitaji kama mililita 360 kwa siku ili aishi tu, bila kuhesabu anachoendelea kutapika na kuharisha huku dripu ikitiririka. Chupa ni rahisi, tunakubali. Lakini kuna mtu anayekaa naye usiku kucha, anayempima joto na sukari ya damu, anayehamisha kanyula, yaani kimrija cha dripu kinachoingizwa mshipani, hadi mguu mwingine mshipa unapovimba, na anayeongeza glukosi na potasiamu kwa kipimo, maana potasiamu ikiingia haraka kupita kiasi husimamisha moyo. Mgonjwa wa parvo analazwa chumba cha peke yake, na anayemhudumia habadilishani buti wala koti na wanaohudumia wodi nyingine. Kila alfajiri chumba hicho huoshwa upya, sakafu na kuta. Hizo ndizo fedha tunazotoza, na kila mteja hupewa karatasi ya hesabu yenye kila chupa na kila sindano.

Kinachopandisha gharama ni zile siku mbili za mwanzo zinazopotelea nyumbani. Mbwa anakataa chakula asubuhi, jioni anatapika povu la njano, na mwenye mbwa anakwenda duka la pembejeo za mifugo kununua dawa ya minyoo, sindano ya OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) iliyokusudiwa ng'ombe na vidonge vya Flagyl, kisha anamnywesha maziwa kwa imani kwamba yatakata sumu. Mbwa anayetapika haweki chochote tumboni, kwa hiyo vidonge vinarudi pamoja na maji aliyokuwa nayo, na maziwa yanazidisha kuharisha. Wengine humpa diklofenaki wakidhani wanamtuliza maumivu, ilhali dawa hiyo hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Mgonjwa wa mteja wetu aliletwa siku ya nne akiwa na fizi nyeupe na masikio ya baridi, na mishipa ilikuwa imenywea kiasi kwamba tulitumia karibu nusu saa kupata mahali pa kuingizia kanyula. Angeletwa siku ya kwanza, huenda angetumia chupa chache zaidi, na kwa hakika angekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona.

Isitoshe, si kila tumbo ni parvo. Mwaka jana tuliletewa mbwa wa ulinzi aliyetibiwa minyoo kwa siku tano na kijana wa nyumbani. Alikuwa anatapika kila anachokunywa na hajapata choo kabisa. Tulipompapasa tumbo tukagusa kitu kigumu, na eksirei ikaonyesha utumbo uliojaa gesi nyuma ya kizuizi: lilikuwa gunzi la hindi la kuchoma, limemezwa zima. Tulilitoa kwa upasuaji, lakini kipande cha utumbo kilikuwa kimeshakufa ikabidi kikatwe na kuungwa. Mbwa yule yuko hai na tunajivunia mshono ule, ingawa mwenyewe alilipa zaidi ya mara mbili ya ambavyo angelipa siku ya pili. Ndiyo maana hatukubali kuuza sindano ya kuzuia kutapika kwa simu kabla ya kumshika mgonjwa.

Wateja wengi hutuambia kwamba mbwa wao amechanjwa, na tunapofungua kadi tunakuta chanjo ya kichaa cha mbwa peke yake, iliyotolewa kwenye kampeni. Hiyo ni chanjo muhimu lakini haizuii parvo. Chanjo ya parvo huanza akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka atimize angalau wiki 16, kwa sababu kinga aliyorithi kwa mama inaweza kuifuta chanjo ya mapema. Gharama ya siku tatu za wodi yetu inalipia chanjo hizo zote na chenji inabaki.

Anayepoteza mbwa kwa parvo asilete mwingine asiyechanjwa kwenye uwanja uleule. Kirusi hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Sakafu ya saruji na vyombo visafishwe kwanza kwa sabuni, kisha vilowekwe kwa Jik, sehemu moja kwa 30 za maji, kwa dakika kumi.

Mbwa wako akianza kutapika na kuharisha damu, tupigie kabla ya kutoka nyumbani utuambie umri wake, uzito, saa alipoanza na dawa zote alizokwisha kupewa, bila kuficha hata moja, na uje na pakiti zake. Ukifika, usimshushe kwenye benchi la wagonjwa wengine. Piga honi getini, nasi tutamfuata kwenye gari au bajaji ulimo, saa yoyote ya usiku.