Kabla ya kupanda mikoko, fuateni maji

Sahibu yangu Bakari,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na habari ya vijana wanaotaka kurudisha mikoko pale palipobaki tope tupu imenifurahisha mno. Umeuliza miche inunuliwe wapi. Naomba fedha hiyo msiiguse kwanza.

Shukeni ufukweni maji yakipwa, pamoja na wazee wawili watatu waliokuwa wakikata miti, wawaonyeshe upi ulisimama wapi. Mtu aliyezoea kuchagua miti kwa unene, fito, pau, boriti na nguzo, akaihesabu kwa korija (ishirini ishirini), anaujua msitu mti kwa mti. Kati ya aina za mikoko, mara nyingi mlilana hukaa mbele baharini, nyuma yake mkoko wenyewe, kisha msinzi na mkandaa, na mchu kule juu kwenye chumvi kali. Kila mti una kiasi chake cha maji unachostahimili, na ukihamishwa hufa. Vijana waandike yote daftarini, kwa majina ya mahali wanayoyatumia wazee wenyewe. Elimu hii haipo kwenye ramani yoyote, na wenye nayo wamebaki wachache.

Baada ya hapo ulizeni palikufa kwa nini, maana dawa hutegemea ugonjwa. Mchu ukikatwa huchipua kisikini. Mkoko mkubwa hauchipui: ukikatwa chini ya matawi, ndiyo mwisho wake, na kizazi kipya kitatoka kwa mti mama ulio jirani tu. Gazi, kule Kwale, msitu ulikatwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani, na baadhi ya mahali palipofyekwa pakakaa patupu miaka mingi. Walipoanza kupanda miaka ya 1990, miti ya aina nyingine ambayo hakuna aliyeipanda ikaja yenyewe kuota chini ya kivuli cha ile iliyopandwa. Mwaka 2013 wanakijiji wakaanza mradi wa Mikoko Pamoja, wanalipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu wao wa hekta 117.

Mwache, karibu na Mombasa, kisa ni kingine. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara, ukafukia mizizi ya kupumulia, miti ikafa imesimama. Mahali kama hapo, kupanda kabla udongo haujatulia ni kuwachosha watu bure.

Kwenu nionavyo adui ni tuta la shamba la chumvi lililoachwa. Lichimbeni pale pale hori la zamani, ule mkondo wa maji ya bahari, lilipopita (wazee watapajua), maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, yaingie na, muhimu zaidi, yatoke yote. Yakituama, jua huyachemsha na chumvi hupanda, na hakuna mche utakaopona. Tuta likishafunguliwa, subirini msimu mmoja wa mbegu. Mbegu za mikoko huelea. Mkiona miche inaota yenyewe, msipande, ilindeni tu. Najua wafadhili hupenda kuhesabu miche iliyopandwa, lakini mche uliojichagulia mahali huwa na nguvu kuliko wenu.

Pakibaki patupu, pandeni. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake, kwa hiyo haihitaji kitalu. Iliyokomaa huonyesha pete ya manjano chini ya kofia ya tunda, na ukiizungusha kidogo hutoka bila kuvutwa. Zilizokuja kwa nguvu ni changa, ziacheni. Zenye vitundu vidogo zimeshaingiwa na wadudu. Okoteni kwenye miti mingi tofauti, ziwekeni kivulini zikiwa na unyevu, na msizilaze siku nyingi.

Chomekeni siku za maji mafu, yanapojaa kidogo tu, ili miche ipate siku kadhaa za kushika kabla ya bamvua. Ncha iliyochongoka iende chini, sentimita 7 hadi 10 tu. Ikizama zaidi huoza. Ikiwa juu sana, wimbi huing'oa. Tope likiwa gumu, tangulizeni kijiti kufungua tundu, msije mkaivunja ncha inayotoa mizizi. Mita moja kwa mita moja hutoa miche 10,000 kwa hekta. Mchu ni tofauti: mbegu yake ni ndogo na maji huichukua, hivyo ianzeni kwenye viriba ndani ya kitalu kinachofikiwa na maji, na mbuzi wazuieni kabisa, wanaupenda.

Msipande kwenye mchanga wa mbele wala juu ya majani ya bahari ambapo mikoko haikuwahi kuwapo. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu pale ni rahisi kufika na picha hutoka nzuri. Wimbi na vikonokono vinavyoganda shinani huimaliza miche. Kaa nao watakula kiasi. Rudieni mapengo baada ya miezi mitatu, na mkiona eneo zima limekufa msijaze tena. Rudini kupima maji.

Niandikie upana wa lile hori na bamvua lililopita lilifika wapi, ili tujue tuta likatwe mara ngapi. Wasalimie wazee wote.

Wasalaam,
Rafiki yako