Kwa Zuhura, kuhusu safari ya kayaki katika hori la Tudor

Mombasa

Ndugu yangu Zuhura,

Salaam nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako nimeisoma ramani ikiwa mezani: watu 12, kayaki za kukodi, na hamu ya kukizunguka kisiwa chote cha Mombasa kwa siku moja. Nimefurahi sana kwamba mnakuja. Lakini kisiwa msikizunguke.

Najua wazo limetoka wapi. Tangu daraja la Makupa lifunguliwe mwaka 2022 na ile njia ya kifusi iliyoziba maji kuondolewa, ukitazama ramani unaona maji yamekizunguka kisiwa pande zote. Tatizo ni upande wa Kilindini. Pale pana meli za makontena, boti za tagi zinazozisukuma, na feri za Likoni zinazokata mkondo kutwa kucha. Nahodha wa meli kubwa hakioni kitu kidogo kilicho chini ya omo yake, yaani sehemu ya mbele ya chombo, na hata akikiona hawezi kusimama karibu. Tena ni eneo la bandari lenye ulinzi. Mtu mmoja mwenye uzoefu na kibali ni habari nyingine. Kundi la watu 12, nusu yao wageni wa kafi, halina kazi kule.

Nendeni hori la Tudor, ule mkono wa bahari ulio upande wa pili wa kisiwa. Mtaingia na maji yanayojaa na kurudi na maji yanayopwa, katikati ya mji: Mji wa Kale, daraja la Nyali, nyumba za Tudor kushoto, Kisauni na Mishomoroni kulia, kisha mikoko. Hori linaingia bara kama kilomita 10. Msilazimishe kufika mwisho. Kilomita 8 kwenda na 8 kurudi zinatosha kabisa.

Sasa tarehe. Umeniandikia Jumamosi mnayoitaka, lakini hiyo ni tarehe ya watu; ya maji hujaitazama. Kwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kwa maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, ni kama mita 1 tu. Bamvua lenyewe hujaa alfajiri, kama saa 10, na kupwa kama saa 4 asubuhi, kwa hiyo mkiamka nalo mtakuta maji yanakimbia nje na hamwezi kuingia. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 40 hadi 50. Ukihesabu hivyo, tarehe 4 hadi 6 za mwezi mwandamo, au 19 hadi 21, maji hujaa karibu na saa 2 asubuhi. Hizo ndizo siku zenu. Bamvua limeshapoa, na maji mafu hayajafika. Hakikisha kwa jedwali la maji la Kilindini, na kabla ya kuliamini tazama limeandikwa kwa saa za wapi. Majedwali mengine ya mtandaoni hutumia saa za Greenwich, nasi tuko mbele kwa saa 3. Ukikosea hapo tu, safari nzima inageuka kichwa chini.

Maji hayaendi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza hutoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa hiyo mkiingia majini saa 12 na robo, na maji yanajaa saa 2, mnapanda na mkondo mpole wa mwisho. Wageni watapata nafasi ya kujifunza bila kusukumwa. Kurudi ndiko kwenye kazi. Mkiondoka juu saa 2 na nusu, mtafika daraja la Nyali kama saa 4, wakati maji yanayotoka yameshaanza kupata nguvu. Watu wengi huogopa safari ya kwenda na kulegea wakati wa kurudi. Waambie watu wako mapema kwamba ni kinyume.

Saa ya kugeuka iwe moja na isijadiliwe: saa 2 na nusu, hata kama hamjafika mlipokusudia. Sababu ni tope. Huko juu, panapoingia mito ya Kombeni na Tsalu, hori ni pana na la kina kifupi. Maji yakianza kutoka, kingo zinabaki wazi kwa haraka. Kayaki ikikaa topeni, mwenyewe asishuke kusukuma, maana mguu unazama hadi gotini na kiatu hakirudi, na chini yake kuna magamba ya chaza yanayokata kama wembe. Abaki amekaa, aegemee nyuma kupunguza uzito wa omo, asukume kwa bapa la kafi akiwa amelilaza. Ikishindikana, mwenzake aliye kwenye maji amtupie kamba.

Upepo nao. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, nanyi mkirudi mnaelekea huko huko. Maji yanatoka nje, upepo unaingia ndani, na vikikutana pale mlangoni panafanyika mawimbi mafupi yenye kusimama wima, mabaya sana kwa kayaki. Asubuhi bado ni nafuu, adhuhuri pamechafuka. Ukiweza chagua miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, na hata hivyo muwe mmeshafika nchi kavu kabla ya saa 5. Masika usijaribu. Si kwa sababu ya mvua kuwalowesha, bali maji machafu ya mitaa yote ya juu huteremka humo horini. Baada ya mvua kubwa yoyote, hata ya msimu mwingine, subirini siku 3.

Na hata siku ya kiangazi yachukulieni maji yale kama machafu. Kila mtu abebe chupa ndogo ya maji safi na kipande cha sabuni kwa ajili ya mikono, mbali na lita 3 za kunywa. Kosa la kawaida ni mtu kusuuza mikono horini halafu kushika mahamri. Siku mbili baadaye tumbo linamkata na analaumu mahamri. Mwenye kidonda kibichi mguuni asiende. Atakayekatwa na chaza aoshwe papo hapo kwa maji safi na sabuni, jeraha lifungwe, na akifika nchi kavu aende hospitali. Aulize na sindano ya pepopunda.

Vyombo: kodi kayaki 9, 6 za mtu mmoja na 3 za wawili. Chukua zile za kukaa juu, zenye matundu ya kutoa maji, wala usikubali za kujifungia ndani kwa watu ambao hawajawahi kupinduka. Mnapozipokea usiangalie rangi. Inua kila moja upande mmoja, itikise, usikilize kama kuna maji tumboni. Kisha tafuta plagi ya kutolea maji, mara nyingi iko nyuma, kwenye tezi, uhakikishe mpira wake haujapasuka na imekazwa. Plagi iliyolegea ndiyo inayoharibu safari nyingi kuliko mawimbi: chombo kinanywa maji kidogo kidogo, kinakuwa kizito, aliyemo anabaki nyuma, na kundi linadhani ni mvivu. Kila mnaposimama, mtu wa mwisho atikise chombo chake na cha jirani. Angalia pia mizunguko ya matundu, hapo plastiki hupasuka kwanza. Ufa mdogo unazibwa kwa tepu nene ya lami juu ya plastiki iliyokaushwa vizuri. Gundi za kawaida za kuchanganya hazishiki plastiki ile, usipoteze fedha. Chukua pia upo mmoja, yaani chombo cha kuchotea maji yaliyoingia, au kopo, kwa kila vyombo 3, makafi 2 ya akiba, kamba 2 za kukokotea za mita 10 zenye kulabu ya kufunguka haraka, na filimbi shingoni mwa kila mtu.

Jaketi la kuokolea livaliwe toka nchi kavu hadi nchi kavu. Umkague kila mmoja: shika mabega ya jaketi uvute juu. Likifika masikioni, halijakazwa.

Mpangilio wa kundi ndio ninaoujali kuliko yote, maana kundi huenda kwa kasi ya mchovu wake. Wa mbele mmoja, ambaye hapitwi. Wa nyuma mmoja, mwenye nguvu kuliko wote, naye hampiti mtu. Wa katikati anayehesabu vyombo kila baada ya dakika 10. Kati ya chombo na chombo pasizidi urefu wa vyombo vitano au sita. Kwenye kayaki za wawili, mwenye nguvu akae nyuma, ndiye anayeongoza. Usiwaweke mke na mume pamoja kwa sababu tu ni mke na mume, pima nguvu. Ishara ziwe chache: kafi limelazwa juu ya kichwa ni "simama"; kafi wima ni "njoo"; filimbi moja ni "nitazame"; filimbi tatu ni "hatari". Zirudieni nchi kavu mpaka zichoshe.

Siku moja kabla, wapeleke kati ya mwamba na ufuo wa Nyali maji yakiwa yamejaa, kila mtu apinduke kwa makusudi na kurudi chomboni. Kwanza akigeuze chombo, ashike pande zote mbili, apige miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, ajivute: tumbo, kitako, miguu, kwa utaratibu huo. Wanaokwama ni wale wanaojaribu kupanda kwa kunyanyuka wima, kama mtu anayepanda ukuta. Asiyeweza mara tatu mfululizo akae kwenye chombo cha wawili.

Daraja la Nyali, hili la mwaka 1980, lina nguzo, na maji hukaza yanapopita kati yake na kujizungusha nyuma yake. Piteni mmoja mmoja, katikati ya nafasi, mkiwa mnapiga kafi. Anayeacha kupiga kafi huchukuliwa anakopelekwa. Na ikitokea ubavu wa chombo umebanwa kwenye nguzo, mtu aiegemee nguzo. Mwili utataka kuikimbia, lakini ukiegemea upande wa maji yanakotoka, mkondo unapanda juu ya ukingo na kupindua chombo mara moja. Kanuni ni hiyo hiyo kwa mashua iliyotia nanga na kwa kamba yake. Wapeni njia wavuvi, na mkiona vibuyu au chupa zimepangwa mstari, hiyo ni nyavu. Zungukeni, msipite juu.

Mtakapoingilia ni upande wa Mkomani, ng'ambo ya Mji wa Kale, na hapo ndipo mtakaposhukia. Mkirudi mwanze kuukaribia ukingo huo mara tu baada ya daraja. Mkipitiliza, kinachofuata ni mlango wa bahari, na mkondo haurudishi mtu.

Wiki mbili kabla, pitia ofisi za bandari na walinzi wa pwani uwaachie majina, idadi ya vyombo, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Zungumza pia na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, wa hapo ufuoni. Kwao ukodi mashua moja ya mashine na nahodha anayelijua hori, afuate nyuma kwa umbali. Bei na mafuta mpatane kabla, kwa maandishi. Usiikate gharama hiyo hata mkibanwa na bajeti. Ndiyo itakayombeba aliyezidiwa na jua.

Nitumie haraka uzito wa kila mtu, nani anajua kuogelea, nani ana pumu, kisukari au kifafa, na tarehe mbili kati ya zile nilizokutajia. Nikizipata nitapanga nani akae na nani, kisha nitakwenda mwenyewe kuzikagua plagi.

Nisalimie wote.

Ndugu yako,
Mwanaisha