Barua ya wazi kwa vijana wa kiume mliooa juzi juzi

Wanangu,

Jumanne jioni niliona jambo ambalo hadi leo halijanishuka kooni. Jirani yangu hapa Walukuba, Jinja, ni kijana wa chapati. Alfajiri yuko kibandani kwake kando ya barabara: anakanda unga, anapasua mayai kwa mkono mmoja, anakatakata kabichi na nyanya huku akitaniana na watu wa boda boda, na rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, inafungwa kwenye karatasi kabla hujamaliza kutafuta hela. Anajua kazi yake. Mimi mwenyewe hununua kwake.

Siku hiyo mkewe aliinjika maharage kwenye sigiri, jiko la makaa, akarudi mbio sokoni kufunga meza yake kabla ya mvua. Bwana akabaki kizingitini na simu. Maji yakakauka, moshi ukaanza. Mnajua alifanya nini? Aliniita mimi, ng'ambo ya ua: "Shangazi, njoo utazame, maharage yanaungua!" Sufuria iko hatua tatu kutoka alipokaa!

Nikaiepua, nikamuuliza kama hana mikono. Akanijibu bila hata kuona haya, "Kule ni kazi, shangazi. Huku ni jikoni."

Nimetafuta tofauti nimeikosa, isipokuwa ile noti anayopewa na mteja. Yaani mgeni mpita njia apikiwe na huyu bwana, ila mama wa mtoto wake asipikiwe? Kambini wanajeshi wanapikiwa na nani? Hotelini Kampala, aliyevaa kofia ndefu nyeupe ni nani? Hata katika jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, mpishi mkuu alikuwa mwanamume mwenye cheo chake, Kawuta, na luwombo, kile kitoweo cha kupikwa ndani ya majani ya mgomba, mnayojivunia nayo kwenye harusi inasimuliwa kuwa ilibuniwa na mpishi wa Kabaka Mwanga mwaka 1887. Msiniambie basi kwamba jiko linamvua mtu uanaume.

Lawama si yenu peke yenu. Binti wa Kiganda akikaribia kuolewa hukabidhiwa kwa ssenga, shangazi yake, afundwe siku kadhaa. Na ninyi mnakabidhiwa kwa nani? Kwa fundi wa suti. Mama zenu nao, dada zangu hao, walimwamsha msichana kumenya matoke na kumwacha mvulana alale hadi chai iive. Kisha mtoto wao akionekana na mwiko wanasema kalogwa, kakaliwa. Nyamazeni, dada zangu. Mlimlea vibaya, mwacheni mkewe ammalizie.

Mengine nitayapitia haraka, maana wenye masikio mmeshasikia.

Usimpe mkeo habari za mchuzi wa karanga wa mama yako. Chumvi ikizidi, mwambie wageni wakishaondoka. Sahani uliyolia chakula ni yako kuosha. Hela ya chakula si ruhusa ya kukaa. Na siku mtoto anaumwa, usiulize "tunakula nini leo."

Nanyi wake, neno moja. Akija jikoni, msimcheke. Nilimwona mmoja akimenya matoke bila kupaka mafuta mikononi, utomvu ukamganda vidoleni mweusi kama lami, mke akaita majirani waje washuhudie. Maskini yule kijana hakurudi tena. Ungempa mafuta kidogo tu, ukamwonyesha kuanza kumenya kwenye ncha, leo ungekuwa unapumzika.

Sasa kwa asiyejua pa kuanzia: anza na maharage. Yachambue usiku, mawe madogo hujificha humo, kisha yaloweke hadi asubuhi. Mwaga maji yale, weka mengine. Nambale, aina hiyo ya maharage, yakilowekwa huiva mapema, na makaa yenyewe mnajua yalivyo, hasa tangu 2023 Rais alipopiga marufuku biashara ya makaa ya kaskazini. Chumvi tia yakishalainika. Kitunguu na nyanya kaanga pembeni, hilo kijana wa chapati hahitaji kufundishwa na mtu. Maji ya kuongezea yawe ya moto, na yawe karibu. Usiondoke hapo. Simu unaweza kwenda nayo jikoni, hakuna aliyekukataza.

Shangazi yenu,
Walukuba