Pima njia kwanza, vifaa baadaye

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, pamoja na pongezi kwa jukumu ulilokabidhiwa la kuyafanya magofu na makumbusho yenu yafikike kwa watu wenye ulemavu. Nimeipitia orodha yako ya manunuzi: lifti ya ngazini, vifaa vya maelezo ya sauti, viti vya magurudumu vya kuazimisha wageni. Vyote vina kazi yake, lakini nakusihi usilipie hata kimoja kabla hujaipima njia. Mgeni akikwama kwenye kokoto hatua chache baada ya lango, lifti iliyo ndani ya makumbusho haimsaidii kitu.

Anza pale gari linaposhusha watu, maliza pale wanapotokea. Nenda na mtu anayetumia kiti cha magurudumu kila siku, mtu asiyeona, na mzee anayetembelea mkongojo. Walipe kama unavyomlipa fundi, maana wanachokupa ni utaalamu. Kumkalisha mfanyakazi wako kwenye kiti kwa nusu saa si mbadala: hajui kukiendesha, kwa hiyo ataogopa pasipo na hatari na atapita bila kuona kikwazo chenyewe.

Chukua utepe wa kupimia, pimamaji na ubao ulionyooka wa sm 120. Laza ubao kwenye mteremko, weka pimamaji juu yake, inua upande wa chini mpaka kipovu kikae katikati, kisha pima pengo kati ya ncha iliyoinuka na ardhi. Pengo la sm 10 ni mteremko wa 1 kwa 12, yaani kupanda sm 1 kwa kila sm 12 za mwendo, na huo ndio ukomo wa viwango vingi vya ujenzi. Pengo la sm 6 ni 1 kwa 20. Wewe lenga 1 kwa 20, kwa sababu magofuni mgeni yuko nje, mwendo ni mrefu na hakuna ukuta wa kuegemea. Ngazi zenye kimo cha jumla sm 45 zinadai njia ya mteremko ya mita 5.4 kwa kiwango cha kwanza, mita 9 kwa cha pili. Hesabu hiyo huwashtua wasimamizi, ndipo mtu anapojenga fupi na kali, na kiti kinabinuka kinyumenyume. Kila unapopanda sm 76, au kabla ya hapo, weka sehemu bapa ya urefu wa mita 1.5 ya kupumzikia. Reli za kushikia ziwe pande zote mbili, kwenye kimo cha sm 86 hadi 96, na ukingo wa sm 10 chini ili gurudumu lisiteleze nje.

Halafu geuza ubao uikingame njia. Kipimo hiki husahaulika karibu kila mahali. Njia ikiinamia upande mmoja kwa zaidi ya sm 2.4 kwenye ubao huo, kiti kinavutwa kuelekea chini na mkono mmoja ndio unaobeba kazi yote. Njia inaweza kuonekana tambarare kabisa kwa anayetembea, kumbe ndiyo inayomchosha bega mwenye kiti kuliko mlima wenyewe.

Kuhusu uso wa njia, adui mkubwa ni kokoto huru na mchanga. Magurudumu ya mbele ya kiti ni madogo. Yakizama, kiti kinasimama ghafla na mtu anarushwa mbele. Kinachofaa ni vumbi la mawe lililoshindiliwa kwa tabaka nyembamba, kila tabaka likinyunyiziwa maji kidogo kabla ya kushindiliwa. Chini yake tandika kitambaa imara cha kutenganisha udongo, ili ulichoongeza kisichanganyike na tabaka za kale na siku moja kiweze kuondolewa bila kovu. Usichimbe. Hata shimo la nguzo la sm 30 linaweza kupita katikati ya sakafu ambayo hakuna aliyeijua. Njia ya mbao isimamie uzito wake yenyewe juu ya vitalu vilivyowekwa juu ya ardhi. Mbao zilazwe kukingama mwendo, na nafasi kati yake isizidi milimita 13, la sivyo ncha ya mkongojo au gurudumu dogo litanasa. Panapokaa kivuli kutwa, mbao huota ukungu na kuteleza, kwa hiyo zipigwe brashi mara kwa mara, na boliti zilizochomoza zikazwe kabla hazijamkwaza mtu.

Najua mabishano yanayokuja. Mhifadhi atakuambia kwamba njia mpya inaharibu sura ya magofu. Asikilizwe, ila akumbushwe kwamba vizingiti na ngazi za kale huliwa na nyayo. Kidaraja chepesi kinachopita juu ya kizingiti kinampitisha mwenye kiti, na papo hapo kinaliondolea jiwe maelfu ya viatu. Kule Acropolis ya Athens, kilima chenye magofu ya kale huko Ugiriki, walimwaga njia za zege na kuweka lifti mpya upande wa kaskazini mwaka 2020. Wapo walioshukuru na wapo waliokasirika kwelikweli, hasa kwa upana wa zege lile juu ya mwamba. Pompeii, magofu ya mji wa kale wa Kirumi huko Italia, ilifungua mwaka 2016 njia ya zaidi ya kilomita 3 kwa wenye shida ya kutembea, ikipita katikati ya mji wenye barabara za mawe makubwa na vijia vilivyoinuka. Mifano hiyo miwili inanifundisha kwamba upana na rangi vijadiliwe mapema, na kipande cha majaribio kitandikwe kwanza ili watu wabishane juu ya kitu wanachokiona. Na kama baraza lako litasema hili ni hisani tu, lisomeeni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006: ibara ya 30 inataja kufika kwenye makumbusho na, kadiri inavyowezekana, kwenye maeneo ya kumbukumbu yenye umuhimu kwa taifa.

Pako pasipofikika: kaburi la chini ya ardhi, ngazi nyembamba ya mnara. Usichonge jiwe la kale kwa ajili hiyo. Tafuta mahali pa juu penye mandhari ya kulitazama eneo lote, tengeneza mfano mdogo wa jengo, onesha picha zinazotembea za ndani. Pango la Lascaux huko Ufaransa lilifungwa kwa wageni mwaka 1963 kwa sababu kuingia kwao kulikuwa kunaharibu michoro, na tangu 1983 watu hutazama nakala yake. Ila mbadala uwe wa pale tu ilipothibitika kwamba hapawezekani, na uwekwe palepale, usifichwe kwenye chumba cha nyuma.

Sasa ndani ya makumbusho. Kaa kwenye kiti cha kawaida mbele ya kila kabati la vioo, na nusu ya makosa utayaona mwenyewe. Vitu vidogo visipite kimo cha sm 100 kutoka sakafuni, maana anayetazama akiwa amekaa huona upande wa chini wa rafu badala ya ushanga. Kabati la mezani liache nafasi ya magoti ya sm 68 chini yake. Milango iwe na upenyo wa angalau sm 82, nawe ukipanga upya weka 90, na mbele ya kila kabati muhimu pawe na nafasi ya kugeuka ya mita 1.5.

Mwanga una mvutano wake. Nguo, karatasi na ngozi hulindwa kwa mwanga hafifu, kwa kawaida laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), na hapo mwenye uoni hafifu hasomi kitu. Dawa yake ni kuiwekea lebo taa yake yenyewe, au kuihamishia nje ya kabati, badala ya kuongeza mwanga juu ya nguo. Mawe na vyungu vinavumilia mwanga zaidi. Herufi zisiwe chini ya ukubwa wa 18 hata kwa lebo ya karibu, nyeusi juu ya rangi ya maziwa, zisizong'aa. Maandishi meupe yaliyobandikwa juu ya kioo ndiyo mabaya kupita yote, kwa sababu nyuma yake kuna vitu vinavyobadilisha rangi kila unaposogea.

Kwa wasioona, kugusa ndiko kuona, na hapa ndipo ningeomba utumie muda wako mwingi. Kaa na mhifadhi mchague vitu halisi vinavyoweza kuguswa: jiwe gumu la itale lililo zima, jiwe la kusagia. Metali, plasta yenye rangi na nguo hapana, maana jasho na mafuta ya vidole huzidhuru. Mikono ioshwe na kukaushwa, pete na saa zivuliwe. Glavu hupunguza hisia, kwa hiyo zitumie pale tu mhifadhi anapolazimisha. Kwa visivyoguswa tengeneza nakala, lakini za mali ileile au inayokaribiana nayo. Chungu cha plastiki hakina ubaridi, uzito wala ukwaruzo wa udongo, na mgeni anaondoka na umbo tupu. Huko Ancona, Italia, kuna makumbusho ya Omero, yaliyoanzishwa 1993, ambayo yamejengwa yote juu ya wazo hili la kugusa.

Ramani ya kugusa ya eneo isizidi kile mikono miwili inachofikia, kama sm 60 hadi 80 kwa upana. Punguza mambo: kuta, njia, milango, maji, basi. Ielekezwe vile mgeni alivyosimama, ili kulia kwenye ramani kuwe kulia kwake. Nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, zisomwe na msomaji wake kabla ya kutengenezwa kibao, kwani zipo zilizobandikwa juu chini, na zipo zilizowekwa nyuma ya kioo! Kibao cha chuma kisikae juani, mchana hakigusiki. Tena si kila asiyeona anasoma nukta nundu, hivyo maelezo ya sauti yaende sambamba, yakieleza umbo, ukubwa na mahali kitu kilipo, si historia peke yake.

Kwa viziwi, andaa video fupi za lugha ya alama zenye maandishi chini yake, zilizoigizwa na kiziwi mwenyewe. Mwongozaji azungumze akiwa amelielekea kundi, na jua lisiwe mgongoni mwake, kwa sababu uso ukiwa gizani midomo haisomeki.

Mabenchi yenye mgongo na mikono, kimo cha sm 45, kivulini, mengi kuliko unavyodhani. Choo kiwe na nafasi ya kugeuka, mlango ufunguke kwa nje, na kisigeuzwe stoo ya ndoo na fagio. Ile kamba ya kuitia msaada ifike hadi sakafuni, wala isifungwe fundo juu na anayefanya usafi. Wafanyakazi wafundishwe kuuliza kabla ya kusaidia, kusema na mgeni mwenyewe badala ya aliyemsindikiza, na kutosukuma kiti cha mtu bila idhini. Pangeni pia jinsi ya kumtoa mtu ghorofani moto ukitokea, kwa kuwa lifti wakati huo haitumiki.

Mwisho, taarifa. Neno "panafikika kwa wote" halimsaidii mtu kuamua. Andika hivi: "Kutoka lango hadi ukumbi wa kwanza ni mita 180, njia ya vumbi la mawe lililoshindiliwa, mteremko mkali kuliko wote ni 1 kwa 14 kwa mita 6. Choo kipo mita 40 baada ya lango. Mnara haufikiki kwa kiti. Mfano wake uko ukumbini." Na njia ikiharibika kwa mvua, taarifa ibadilishwe siku hiyohiyo.

Ukishapima, nitumie vipimo vya kila kipande pamoja na picha zilizopigwa kutoka kimo cha mtu aliyekaa. Tutaigawa bajeti kwa kufuata vizuizi vilivyo karibu zaidi na lango, na orodha yako ya vifaa tutairudia baada ya hapo.

Wasalimie wote hapo kazini.

Wako akupendaye,
Rafiki yako