Jumba la Nyawera limefagiliwa, halijasafishwa

Bwana Mhariri,

Nilianza kusoma gazeti lenu nikiwa bado nafundisha darasa la tano, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia. Lakini ile habari yenu ya juma lililopita, yenye picha ya watu wameshika mafagio mbele ya lile jumba bovu la etaje, yaani la ghorofa, hapa Nyawera mjini Bukavu, imenikosesha usingizi. Mliandika kwamba jumba limesafishwa na karibuni litajengwa upya. Mimi nakaa hatua sitini kutoka pale. Lilifagiliwa upande wa barabara, Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mji, likapakwa chokaa kuanzia chini mpaka pale mkono wa mtu unapofika. Nyuma hakuna aliyekanyaga. Takataka za nyuma zimefikia madirisha ya chini, na mti wa mvumo, ndugu wa mkuyu, umeota ndani ya ukuta hadi mizizi yake inaning'inia ngazini.

Tena mliliita gofu lisilo na mwenyewe. Hilo limenichoma kuliko yote. Jumba lile lilijengwa na mfanyabiashara mgeni, mji huu ukiitwa Costermansville, na bado lina ile kona ya mviringo na mabaraza marefu ya juu kama majumba mengi ya miaka ile. Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zinapewa Wazairwa, yaani sisi wananchi, nilikuwa na miaka 13. Mama yangu alikuwa akinunua vitambaa katika duka lililokuwa chini ya jumba hilo. Aliyepewa duka aliuza vilivyokuwa kwenye rafu, basi. Miezi michache baadaye tulipita tukaona rafu tupu na mlinzi amelala juu ya kaunta. Tangu hapo limeuzwa, likarithiwa, likauzwa tena, na leo watu watatu kila mmoja ana karatasi yake ya parsele, yaani kiwanja, hiyo hiyo. Wenyewe wapo, tena wamezidi. Na kwa sheria ya ardhi ya mwaka huohuo wa 1973, udongo ni mali ya Serikali, sisi wengine tunapewa haki ya kuutumia tu. Basi anayeweza kuamua kati ya hao watatu anajulikana.

Sasa nieleze kwa nini nimeshika kalamu. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Novemba, nilikuwa natoka kanisani jioni na mjukuu wangu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu saa nane. Pembeni ya jumba, chini ya baraza, wanakaa akina mama wanaouza sambaza, vile visamaki vya ziwa letu la Kivu, kwa sababu hapo ndipo wanapopata kivuli na pa kujikinga mvua. Tulikuwa tumeinama tunachagua, mjukuu ameshika mfuko, nikasikia kitu kama mti unavunjika. Kipande cha baraza, ukubwa wa tofali mbili, kilianguka katikati ya beseni. Sambaza zilitapakaa barabarani, na mama aliyekuwa akituuzia alikuwa amekaa akiangalia mguu wake kama si wake. Motari mmoja, dereva wa pikipiki, alimpakia, mimi nikakaa nyuma nikimshikilia, mguu tumeufunga kwa kitenge changu. Alishonwa nyuzi kumi na moja. Miezi mitatu hakuuza kitu, na ana watoto watano. Kesho yake niliweka kile kipande kwenye mfuko nikakipeleka ofisini. Niliambiwa niandike barua. Niliandika. Niliambiwa ofisi ile haihusiki, niende nyingine. Nilienda. Kule wakaniuliza kama mimi ndiye mwenye nyumba. Niliposema hapana, wakasema basi sina la kulalamikia. Nina nakala mbili zenye muhuri wa kupokelewa, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kuangalia juu. Hata mmoja, Bwana Mhariri! Leo wamekuja na ndoo za chokaa na mpiga picha, na wale mama wakafukuzwa siku hiyo ili picha iwe safi. Siku iliyofuata walirudi kukaa chini ya baraza lilelile.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi mwashi. Baada ya lile tetemeko la Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, alizunguka na mimi pale akanionyesha nyufa. Alisema tetemeko halikuliua jumba, kuta zake ni nene na zimesimama. Kinacholiua ni maji. Mabati yaliibwa, mvua ikaingia kwenye simenti, ikafika kwenye vyuma. Chuma kikioza kinanenepa, na kikinenepa kinaipasua simenti kutoka ndani. Kile kipande nilichonacho kinaonyesha hayo wazi: juu kuna tabaka tatu za rangi, buluu, njano na chokaa, na katikati kuna chuma kilichobaki chembamba kama njiti, ukikigusa kinamwaga unga mwekundu. Sasa chokaa mpya inazuia nini hapo?

Na maji hayo hayatoki juu peke yake. Mtaro unaopita nyuma umejaa chupa za plastiki, mvua ikija inakata njia chini ya msingi. Sisi wakaaji tuna kosa hapa, nalisema bila kuficha. Tunatupa chupa mtaroni tukidhani zimekwenda. Zinateremka ziwani, ziwa linazisukuma hadi mto Ruzizi, zinakwama kwenye bwawa la umeme na kuziba mitambo, halafu usiku tunakaa gizani tukiilaumu SNEL, shirika la umeme. Nimewaona watoto wangu wa darasani, leo ni watu wazima wenye magari, wakifungua kioo na kutupa chupa mbele yangu. Nilimwita mmoja kwa jina. Alishuka, akaiokota.

Ninachoomba si jumba la etaje saba lenye vioo. Naomba kwanza lile baraza liangushwe kwa mikono, kwa utaratibu, siku ya Jumapili barabara ikiwa tupu, kabla mvua za Septemba hazijaanza. Pili, takataka za nyuma zitolewe na gari. Sisi wa avenyu tuna brueti sita, yaani toroli, na vijana, tutapakia. Mvumo ukatwe na mizizi ing'olewe yote, maana ukikatwa juu tu unachipua. Mabati yarudishwe juu hata kabla ya kesi ya wale watatu kwisha, kwa sababu ukuta hausubiri hukumu. Na chini, pale palipokuwa na duka la vitambaa, ziwekwe meza nane za saruji na bomba moja la maji, wapewe wale mama wa sambaza, kila mmoja na meza yake yenye namba. Ni wanane, nimewahesabu. Wa kwanza awe yule mwenye kovu mguuni.

Kile kipande cha baraza bado kiko kwangu, chini ya meza ya jikoni. Fundi atakayetumwa kupima ukuta apite akichukue.

Mwalimu mstaafu,
Nyawera, Bukavu