Viungo vya mdoli wa resini vikilegea, supa glu iache kwanza

Swali tunaloulizwa sana hapa dukani Kisumu ni hili: "Fundi, mdoli hasimami. Nimemtia supa glu na bado anaanguka." Afadhali huyo. Wengine huletwa wakiwa wamesimama kweli, ila hawatakaa tena, maana goti limeganda kabisa.

Tunaongea juu ya wadoli wazito wa resini, yaani plastiki ngumu ya kumiminwa, wenye viungo vya mviringo, ambao kampuni ya Volks ya Japani ilianza kuwauza mwaka 1999 kwa jina la Super Dollfie. Siku hizi wanatengenezwa hata Korea Kusini na Uchina. Wengi wanaotufikia waliletwa na shangazi au binamu aliye ng'ambo, na mwenye mdoli hakupewa maelezo yoyote ya jinsi ya kumtunza. Basi kikilegea kiungo, mkono unaenda kwenye chupa ndogo ya gundi iliyo kabatini.

Ndani ya mdoli huyu hamna skrubu wala bawaba. Ana uwazi mwili mzima, na lastiki ya duara imepita humo kutoka kichwani hadi nyayoni, nyingine kutoka kiganja hadi kiganja. Miisho yake imeshikwa na kulabu ndogo za chuma zenye umbo la S. Kila kiungo kina tufe na kikombe: tufe la paja, kwa mfano, hukaa ndani ya kikombe cha nyonga. Lastiki hulivuta tufe likae mahali pake, na msuguano kati ya tufe na kikombe hulizuia lisiteleze. Ukigandisha hapo kwa gundi, umeondoa kiungo chenyewe.

Kwa hiyo kabla ya gundi, pima lastiki. Fungua kifuniko cha kichwa, shika kulabu ya shingoni uivute taratibu. Lastiki nzima hukataa mkono wako na kurudi kwa nguvu. Iliyochoka huja tu kama uzi, na ukiichunguza utaona kitambaa chake cha nje kimefumuka huku mpira wa ndani umekatikakatika. Joto huharakisha uchakavu huo, na nyumba nyingi zetu ni za mabati. Mdoli aliyewekwa juu ya kabati, karibu na paa, huchoka mapema kuliko wa chini.

Lastiki ikiwa imekufa, hakuna gundi duniani itakayoifufua. Inabadilishwa. Usinunue ile bapa ya kushonea sketi. Tafuta ya duara, milimita 2 kwa mdoli mdogo, 3 au 4 kwa wale wa sentimita 60 hivi. Na usiikaze kupita kiasi. Lastiki iliyokazwa mno humfanya mdoli kupiga teke: unamkalisha, mguu unafyatuka mbele wenyewe. Watu huona teke hilo wakadhani kiungo kimelegea, wakakaza tena, na teke likazidi.

Sasa, kama lastiki ni nzima lakini mkono bado unashuka polepole kila ukiuinua, tatizo ni utelezi. Vikombe vimelainika kwa kuchezewa. Hapa ndipo gundi inapofaa, na inayofaa ni ile ya vijiti, inayoyeyushwa kwa bunduki ya umeme. Haishiki sana kwenye resini laini, na udhaifu huo ndio tunaoutaka. Tunatenganisha kiungo, tukipitisha penseli kwenye kitanzi cha lastiki ili isirudi ndani. Kikombe kinaoshwa kwa maji na sabuni, kinakauka kabisa. Kisha tunapaka utando mwembamba wa gundi, tunausambaza kwa kijiti kabla haujaganda, tukiliacha wazi tundu la lastiki. Ukipoa unakuwa ngozi ya mpira inayolishika tufe. Ukizidi unene, kiungo kinakuwa na pengo linaloonekana hata chini ya nguo. Tunaubandua kwa ukucha na kuanza upya, resini haibaki na alama.

Wadoli wa bei kubwa tunapenda kuwawekea ngozi badala yake, ile laini yenye malaika, ambayo mafundi wa viatu hubaki na vipande vyake. Inakatwa mviringo, inabandikwa ndani ya kikombe. Inadumu, na haijali joto. Gundi ya vijiti inajali: mdoli akiachwa kwenye dashibodi ya gari adhuhuri ya Kisumu, utando ule utalainika.

Turudi kwa supa glu, maana tumeisema vibaya na si adui. Kidole kikivunjika mkato safi, tone moja linatosha na mshono hauonekani. Shida yake ni mbili. Hukauka kwa unyevu wa hewa, na hapa kando ya ziwa hewa ina unyevu tele, hivyo huganda kabla hujapanga vipande vyako. Mvuke wake nao hutua pembeni na kuacha ukungu mweupe, ambao kwenye uso uliopakwa rangi ni balaa. Tuliwahi kupokea mdoli aliyemiminiwa supa glu kwenye kiwiko. Nje palikuwa na ukungu, ndani matone yalikuwa yamefuata tundu na kuigandisha lastiki ukutani. Kiwiko kilitoka, lakini rangi ya mkono ilibidi ipakwe upya. Usijaribu kuiyeyusha kwa dawa ya kutoa rangi ya kucha: inaondoa rangi ya mdoli na inaweza kuharibu resini yenyewe. Wala usiipanguse kwa pamba. Supa glu ikikutana na pamba hupata moto wa kuunguza vidole.

Sumaku za kifuniko cha kichwa na vijiti vya chuma vinavyoshikilia kulabu ndani ya viganja vinataka epoksi, ile ya mirija miwili ya kuchanganya sawa kwa sawa. Supa glu ikishaganda hukatika upesi mno kwa kitu kinachogongwa kila siku. Kwaruza kidogo mahali pa kubandika kwa msasa uliolowa maji, maana vumbi la resini si la kuvuta, na vaa barakoa. Kabla ya kubandika sumaku, ijaribu na mwenzake na uitie alama ya kalamu upande wa juu. Ukiibandika kinyume, kifuniko kitasukumwa badala ya kuvutwa. Hata ile epoksi ya dakika 5 iache hadi kesho yake ndipo ufunge kichwa. Sumaku iliyochomoka iweke mbali na watoto. Mbili zikimezwa huweza kuvutana kupitia kuta za utumbo, na hiyo ni kazi ya hospitali.

Wadoli wa plastiki laini wa sokoni ni habari nyingine. Mkono wao ukichomoka, loweka mwisho wake kwenye maji moto ulainike, usukume urudi. Gundi haihitajiki.

Ukituletea mdoli, mlete na vipande vyote, hata vile vidogo vilivyobaki sakafuni, na utuambie umepaka gundi gani na lini. Kumpima hatutozi. Kubadilisha lastiki mara nyingi unangoja ukiona. Kazi ya epoksi inalala. Walio Kakamega, Siaya au Busia wanaweza kutuma kifurushi kwa matatu: mfunge kwa taulo, kichwa kifungwe peke yake, na usiandike "mdoli" nje, andika "kinavunjika".